Siku moja ya Julai: mtunza uwanja, mechi ya kirafiki na kijana asiye na jina

Saa 12 asubuhi
Jua limeshatoka zamani. Huku Yorkshire Kusini, Uingereza, usiku wa Julai ni mfupi sana. Natunza uwanja wa klabu ndogo ya daraja la tisa, ngazi nne chini ya National League, yaani ligi ya daraja la tano. Zile klabu 92 za madaraja manne ya juu ndizo zinazojulikana duniani. Sisi wachezaji wetu ni mafundi bomba, walimu na madereva, na mazoezi yao ni jioni baada ya kazi.

Kitu cha kwanza ni kumwagilia eneo la goli la upande wa barabarani. Mbegu nilizipanda Mei, msimu ulipoisha, na hapo ndipo kipa alipokuwa amesugua ardhi ikabaki udongo mtupu. Sasa pameota, lakini mizizi bado michanga. Napiga goti na kuvuta jani moja taratibu: halijang'oka. Naendelea na kazi nikiwa na raha.

Saa 3 asubuhi
Nakata nyasi. Umande lazima uwe umekauka, la sivyo mashine inazichana badala ya kuzikata. Naziacha na urefu wa milimita 30 hivi, kwa sababu ukizikata fupi mno kipindi hiki cha ukavu zinaungua.

Saa 5 asubuhi
Mistari. Kamba kutoka kigingi hadi kigingi, kisha rangi nyeupe. Eneo la hatari ni mita 16.5, na nukta ya penalti mita 11 kutoka mstari wa goli. Wengine husema mechi ya kirafiki haina haja ya mistari iliyonyooka. Sikubaliani nao hata kidogo. Kuna mtu anakuja leo kutafuta kazi ya mpira kwenye uwanja huu, naye anastahili kuukuta uko sawasawa.

Saa 8 mchana
Simu: wageni watachelewa kidogo. Nala, napumzika.

Saa 11 jioni
Kocha ananiletea karatasi ya kikosi. Majina tisa nayafahamu. Kwenye nafasi mbili, na kwa wengine watatu wa akiba, pameandikwa tu "mchezaji wa majaribio". Ndivyo ilivyo Julai. Wachezaji wengi wa ngazi hizi husaini mkataba wa msimu mmoja tu au hawana mkataba kabisa, hivyo kila kiangazi kikosi hujengwa karibu upya. Jina hufichwa ili klabu jirani isije ikamwahi, au kwa kuwa kijana mwenyewe bado yuko kwenye mazungumzo kwingine. Na muda ni mchache, maana raundi za awali kabisa za Kombe la FA huanza mapema Agosti.

Saa 12 na nusu jioni
Mmoja wa hao wa majaribio, beki wa kushoto, anatoka peke yake kabla ya wenzake. Anatembea ubavu mzima wa kushoto, anakanyaga kwa kisigino, anainama kugusa. Kisha ananifuata.

"Mzee, pale golini ni laini kuliko hapa kati?"

Namwambia ndiyo, nilimwagilia asubuhi. Anarudi ndani kubadilisha viatu, achukue vyenye meno marefu. Miaka yangu yote hapa, wanaokagua uwanja hivyo hawazidi idadi ya vidole vyangu.

Saa 2 kasorobo usiku
Kipenga. Kwa saa zetu ni usiku, lakini jua bado linagonga paa la jukwaa. Watazamaji wa kudumu wameegemea uzio, karatasi mkononi, wakikisia majina. Mzee mmoja hupenda kukumbusha kwamba mshambuliaji Jamie Vardy alicheza klabu ndogo ya Stocksbridge Park Steels, si mbali na hapa, hadi 2010, na mwaka 2016 akawa bingwa wa Uingereza akiwa na Leicester City.

Kijana anaanza vibaya: pasi mbili zinakwenda nje, na winga wao anampita. Dakika ya 30 hivi kipa wetu anatoka vibaya, mpira unaelekea wavuni. Kijana anateleza kutoka mbali na kuuokoa kwenye mstari. Baada ya hapo anacheza kama mtu aliyeshusha mzigo. Kipindi cha pili kocha anabadilisha karibu kikosi kizima, lakini yeye hamtoi.

Tumefungwa 3-1. Kocha hajautaja uchezaji wa mwingine yeyote.

Saa 4 na nusu usiku
Taa nimeacha moja. Kijana ameambiwa arudi Jumamosi, na bado karatasi itamwandika "mchezaji wa majaribio". Golini ameacha mchirizi wa urefu wa mkono, nyasi zimekunjamana kama mkeka. Nazirudisha kipande kwa kipande, nakandamiza kwa kiganja, kisha nafungua maji.