Nilivyouziwa risasi iliyotafunwa na nguruwe

Mimi mtoto wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja hapa Fredericksburg, Virginia, naendesha lori. Kila Mtanzania anayekuja nyumbani akaona makasha yangu ya risasi na vifungo vya vitani ukutani huuliza swali lile lile: wewe na vita vya Wamarekani wapi na wapi? Namuuliza kama bibi yake aliwahi kuvaa merikani. Jina lile halikudondoka mbinguni. Nguo ililetwa Unguja na merikebu za Salem, Massachusetts. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini na Kusini, vilipoanza mwaka 1861 pamba ya majimbo ya kusini ikazuiwa, viwanda vya kaskazini vikakosa cha kufuma, na soko letu likaangukia kwa nguo za Uingereza na Bara Hindi. Kwa hiyo vita hivi viliwafikia bibi zetu maungoni. Nikifika hapo mgeni huwa ameshaacha kunisikiliza, anataka chai.

Ng'ambo ya mto Rappahannock ni kaunti ya Stafford. Huko ndiko jeshi la Kaskazini lilikopiga kambi majira ya baridi, baada ya kupigwa vibaya hapa mjini Desemba 1862. Askari zaidi ya laki moja, matopeni, miezi. Watu laki moja wakikaa pahali lazima wadondoshe vitu. Nikanunua detekta ya mkononi, ile mashine inayolia ikikuta chuma ardhini, mtumba, na mke wangu akakaanga vitumbua nikampelekea mwenye shamba mmoja huko. Akala vitatu akiwa amesimama, akaniandikia ruhusa kwenye karatasi. Karatasi hiyo usiidharau. Kwenye viwanja vya vita vilivyo chini ya hifadhi ya taifa, hata kuinama ukaokota kwa mkono ni kosa, na wakikukuta na mashine wanaweza kuitaifisha pamoja na gari ulilokuja nalo.

Siku ya kwanza nilipata vifuniko vya soda. Ya pili, misumari. Ya tatu nikatoa kitu kama jino la mzee: cheupe, kizito kuliko kinavyoonekana, chenye mifuo mitatu kuzunguka makalio na shimo chini kama kofia. Risasi ya Minié. Bunduki zao nyingi zilikuwa jamii ya gobore, unamimina baruti mdomoni mwa mtutu na kushindilia, na lile shimo ndilo lililokuwa ujanja wote: baruti ikilipuka, gesi yake inaipanua risasi ishike mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu na kutoka ikizunguka. Ina uzito wa gramu thelathini na kitu. Niliipima kwa mizani ya jikoni, kesi yake nitaieleza siku nyingine. Na hapa Kiswahili chetu kina raha yake, kwani risasi ni jina la madini na ni jina la kinachoua, huna haja ya maneno mawili.

Kuzisoma nilijifunza kwa kuzishika tu. Iliyofyatuliwa ina mistari ya mtutu ubavuni, au imebondeka. Iliyodondoka haina alama. Ila nizipendazo ni zile zenye tundu la skrubu puani: askari alikuwa ameshashindilia, hakupata wa kumpiga, au baruti ikaloa, ikabidi aichokonoe risasi kwa skrubu iliyofungwa mwisho wa ufito. Ninayo moja skrubu iliteleza mara mbili. Unaona kabisa jamaa mikono ilikuwa inaganda kwa baridi.

Sasa ushauri mbaya. Dereva mwenzangu mmoja, bingwa wa kila kitu, aliniambia nisafishe kwa siki. Siki inaila risasi, msimsikilize. Mimi nikajiona nina akili zaidi, kwa sababu nilikuwa nimepata kifungo cha koti la ofisa: tai, na kwenye ngao kifuani pake herufi I, maana yake askari wa miguu. Kilikuwa cheusi kwa udongo na kutu ya kijani. Nikasema, shaba? Shaba atanifundisha nani? Nyumbani kila mkesha wa Idi sisi watoto tulikuwa tunakalishwa uani na masinia, ndimu na majivu, tunasugua mpaka mama ajione pua. Nikakata ndimu, nikachota majivu kwenye jiko la nyama choma, nikakaa chini. Dakika tano tu, kifungo kinameremeta kama sinia la harusi. Nilikipiga picha, nikaituma Tanga, wakanisifu.

Jumamosi nikampelekea mzee mmoja, mkusanyaji wa miaka arobaini. Akakitazama kwa lenzi, akakigeuza nyuma akasoma jina la Scovill, mtengenezaji wa Waterbury, Connecticut. Akanirudishia, kisha akaniuliza habari za mvua. Baadaye sana ndipo akanieleza: vifungo vya maofisa vilipakwa dhahabu, utando mwembamba mno, na mara nyingi bado ipo chini ya uchafu. Mimi niliisugua dhahabu ya mwaka 1862 ikaingia sinki pamoja na majivu. Kingefika dola sitini, labda themanini. Sasa nikipewa kumi nashukuru. Siku hizi ni maji, kijiti cha meno, na kukaa kimya. Na risasi usiweke kwenye droo ya mti wa mwaloni hata iwe nzuri vipi, mvuke wa mbao ile unazigeuza unga mweupe, na unga huo ni sumu. Mimi natumia vile visanduku vya plastiki vya kuwekea ndoano.

Mabomu ya mizinga sigusi. Mwaka 2008, Chester, kusini mwa Richmond, mkusanyaji mzoefu kabisa aliuawa na tufe la vita hivi alilokuwa akilisafisha. Ukikuta duara la chuma, rudi nyuma, piga simu polisi.

Haya, nguruwe. Kwenye mnada mmoja niliona risasi imetafunwa vibaya, imepindwa, ina mashimo ya meno. Muuzaji alikuwa na kikaratasi: askari aliing'ata akikatwa mguu. Nilitokwa na machozi, wallahi. Dola arobaini na ngapi sijui, nikalipa bila kubishana, mimi ninayebishana bei ya bamia. Sikukuu nzima ilikuwa inapita mkono kwa mkono sebuleni, watu wanasikitika.

Mzee alipoiona alicheka mpaka akavua miwani. Madaktari wale walikuwa na klorofomu na etha, akasema. Wengi waliokatwa walikuwa wamelala, na aliyelala hang'ati kitu. Sikukubali. Nikanunua timazi mpya ya kuvulia samaki, nikaizungushia nailoni, nikaiuma kwa gego kwa nguvu zangu zote. Msiige. Ilipata kibonyeo kidogo kama cha ukucha, na mimi nikapata jino lililonipeleka kwa daktari, ambako nililipa kuliko bei ya risasi. Nikaziweka sambamba chini ya lenzi. Ile ya mnadani ilikuwa imesagwa, si kuumwa. Ni taya la mnyama anayefukua ardhi, akakuta punje, labda akadhani njugu. Mtoto wa Tanga niliyemkwepa nguruwe maisha yangu yote, nimelipia mate yake, na nimewapitishia wageni wangu siku ya Idi.

Nilimwambia mke wangu usiku, kwa sauti ya chini. Akaweka kikombe mezani.

"Baba Salma, hiyo inaoshwa mara saba, moja kwa udongo."

Nikamwambia udongoni imekaa miaka mia na hamsini.

Akafikiri kidogo. "Basi bado maji, mara sita."

Nikateremka kutafuta galoni la maji yaliyokenekwa, maana ya bomba yana klorini.