Kijino Kama Chikichi

Desemba ya 2009 nilipanda basi la Tanga nikiwa na kinasa sauti cha kuazima, betri za akiba, na sentensi moja niliyoiamini kabisa: "Katika jamii za pwani, utoto ni zao la shule."

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni Dar es Salaam, nasoma kozi ya fasihi ya watoto, na muhula mzima tulikuwa tumebishana juu ya Philippe Ariès. Mfaransa huyo alitoa kitabu mwaka 1960 akidai kwamba Ulaya ya enzi za kati haikuwa na wazo la utoto: mtoto akishaweza kuishi bila mama au yaya, anaingia moja kwa moja katika dunia ya wakubwa. Ni baadaye sana, alisema, shule na familia zilipomtenga akawa kiumbe wa aina yake. Vitabu tulivyosoma vilielekea kumuunga mkono. Mwaka 1671 mchungaji wa Kiingereza, James Janeway, aliwaandikia watoto kitabu kizima cha habari za watoto wenzao waliokufa wakiwa wacha Mungu. Mwaka 1744, kulekule London, John Newbery akauza kijitabu pamoja na mpira kwa mvulana au kimto cha pini kwa msichana. Upande mmoja mwekundu, mwingine mweusi. Ukitenda jema unachomeka pini kwenye wekundu, ukikosea kwenye weusi. Nilikipenda kile kimto. Bado kilikuwa cha kuhesabu makosa, lakini aliyekitoa alikuwa amejiuliza mkono wa mtoto unataka kushika nini.

Basi nikasema, kama huko utoto ulikuja na vitabu, kwetu ulikuja na madarasa. Wapinzani wa Ariès nilikuwa nimewasoma pia, akiwamo Linda Pollock, ambaye kitabu chake cha mwaka 1983 kilipekua shajara za Uingereza na Marekani na kukuta wazazi waliowapenda wanao na kuwalilia walipokufa. Nilimpa aya moja nikapita. Mimi nilikuwa na Edward Steere, mmisionari aliyekusanya hadithi Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa huu, Kiingereza ukurasa wa pili. Humo yumo kima na rafiki yake papa, na ule mti wa mkuyu. Steere hakuwakusanyia watoto. Alitaka wageni waijue lugha. Leo kima na papa utawakuta kwenye vitabu vya watoto, wamechorwa kwa rangi. Kwa hiyo, niliandika, zamani hadithi ilikuwa ya wote na mtoto hakuwa na chake. Kilichobaki ni kumrekodi bibi yangu mzaa mama, Pangani, ili nithibitishe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona umekonda? Huko chuoni hawapiki?"

Mchana alikataa katakata kusimulia. "Ngano haitolewi jua likiwaka. Utaota mkia." Nikamwambia ni kazi ya chuo, wananisubiri. "Basi waambie wasubiri usiku."

Usiku umeme ukakatika. Tukatandika mkeka uani, koroboi katikati. Walikuwapo wajukuu, kitukuu wa miaka minne, jirani wawili, na shangazi yangu amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi ya wali wa usiku. Nikawasha kinasa sauti.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa. Mwanangu mwana siti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta na vilango vya kupitia."

Maneno hayo nimekua nayo. Kwenye rasimu yangu nilikuwa nimeyaita "fomula ya ufunguzi isiyo na maana mahususi." Usiku ule nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kuuona mkono wake. Alipofika kwenye kijino, alimfunua kitukuu mdomo kwa kidole gumba, akasogeza koroboi, vile vijino vya chini vikang'aa, akakigonga kimoja kwa ukucha. Mtoto akajinyonganyonga kwa kicheko, kisha akaachama tena mwenyewe. Hapo wenzake wote wakamsogelea bibi wameachama, kila mmoja anataka chake kigongwe. Bibi akakigonga cha kila mmoja, hata cha yule mkubwa wa darasa la tano aliyejifanya hataki. Jirani wakangoja. Shangazi akasimamisha kukuna. Hakuna mtu mzima aliyesema haya, tuendelee.

Ngano ilipokwisha nikamuuliza kwa nini anaanza vile.

"Ile ya mwanzo ni yao," akasema. "Kima na papa tunagawana wote. Watoto wasipopewa chao kwanza hawatulii."

Nikaingia kwenye swali nililotoka nalo Dar. Mwaka uleule Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Mtoto, inayosema mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, huku Sheria ya Ndoa ya 1971 ikimruhusu binti wa miaka 15 kuolewa wazazi wakiridhia. Zote mbili zilikuwa kwenye begi langu, nimezipigia mistari.

"Bibi, wewe ulikuwa mtoto mpaka lini?"

"Mpaka nilipovunja ungo. Nikawekwa ndani, nikawa mwari."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu lake. Naye hakuwa amemaliza.

"Nilikuwa na mwanasesere wangu wa gunzi, nywele zake ndevu za hindi, nimemvika kipande cha kaniki. Siku naingizwa ndani, somo, kungwi wangu, akasema mambo hayo yamekwisha, sasa wewe mtu mzima. Mama akamchukua. Nikajua kamtia jikoni, kaungua. Usiku wa pili mama kaja kunitazama. Kakaa kitandani, kimya. Kafungua pindo la kanga, huyo hapo. Akanambia, mlaze upande wa ukutani, somo asimuone."

Alionyesha kwa mkono mtupu jinsi pindo lilivyofunguliwa, vidole viwili, taratibu, kama mtu anayetoa hela ya mwisho.

Mama yake bibi hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Mila alizifuata zote. Mwanawe alimtia ndani kwa wakati uliotakiwa, akamlipa somo haki yake. Na bado alijua kwamba aliyelala mle ndani alikuwa mtoto, akamfichia mtoto huyo kitu chake. Sentensi yangu ya shule niliifuta wiki iliyofuata, na Pollock nikampa kurasa tatu.

Lakini kabla hatujainuka mkekani, yule kitukuu, ambaye sote tulidhani kasinzia, akauliza, "Yuko wapi sasa?"

"Nani?"

"Mwanasesere."

"Kaolewa," bibi akasema. "Tuliolewa siku moja."

Watoto wakaangua kicheko. Kinasikika mpaka leo nikiisikiliza ile rekodi, na nyuma yake kimya cha wakubwa, kisha shangazi anaanza tena kukuna nazi.