Siku moja na folda ya pamoja iliyogoma kuandikwa

Saa moja na nusu asubuhi nipo Kurasini, Dar es Salaam, kabla malori ya bandarini hayajafunga barabara. Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha. Kila mzigo una folda yake ndani ya folda moja kubwa ya pamoja: ankara, BL (hati ya kusafirishia mzigo kwa meli), orodha za bidhaa, risiti za malipo. Folda hiyo iko kwenye seva ya Linux, kompyuta za watu ni za Windows, na programu ya Samba ndiyo inayoziwezesha kuelewana. Sijakaa vizuri, dada wa uhasibu ameshafika mezani.

"Kaka, shughulikia hili kwanza. Ankara inafunguka lakini inakataa kusevu. Mteja yuko kwenye simu."

Saa mbili. Naanzia kwenye kompyuta yake, seva baadaye. Faili likikataa kuhifadhiwa, huenda mtu mwingine amelifungua na kulishika, au huenda ni ruhusa, na kwa mtumiaji hayo mawili yanafanana. Namwomba atengeneze faili jipya la maandishi ndani ya folda ya mzigo huo. Inakataa. Tunapanda hadi folda iliyo juu yake, hapo inakubali. Basi si suala la faili kushikwa, wala mtandao haujamfungia. Kilichofungwa ni folda hiyo peke yake.

Saa tatu, seva. Amri ya testparm, inayokagua maelekezo ya Samba, inanionyesha folda ya pamoja ina "read only = no". Hapo ni pa kuangalia mapema, kwa sababu Samba usipoiambia kitu, kila folda unayoitangaza ni ya kusoma tu. Kisha ls -l, inayoorodhesha mafaili na ruhusa zake, na jibu liko wazi: folda ni drwxr-xr-x, mafaili ni -rwxr--r--, na mwenye mali pamoja na kundi ni jina lilelile la kaka wa nyaraka aliyefungua kazi hiyo jana jioni. Ukiacha alama ya mwanzo inayoonyesha aina (d ni folda), herufi tatu za kwanza ni za mwenye faili, tatu za kati ni za kundi, tatu za mwisho ni za wengine wote. Za kati na za mwisho hazina w, yaani ruhusa ya kuandika. Na si kaka wa watu aliyeziondoa: ndivyo Samba inavyotengeneza vitu usipoielekeza vingine, ruhusa hizohizo zikiandikwa kwa namba, 0744 kwa faili na 0755 kwa folda.

Kuna jambo hapa ambalo nalirudia kwa kila kijana anayekuja kujifunza kazi. Word ikihifadhi, haiandiki juu ya faili la zamani. Inaunda faili jipya lenye jina la muda, inafuta la zamani, halafu inalipa jipya lile jina. Kwa hiyo faili lililohifadhiwa sasa hivi ni faili jingine kabisa, mwenyewe ni aliyelihifadhi mwisho, na ruhusa zake zinatoka kwenye maelekezo ya seva. Ndiyo maana ukirekebisha kwa chmod, amri ya kubadilisha ruhusa, asubuhi na ukaishia hapo, jioni tatizo limerudi. Mtu akikwambia "jana ilikuwa inakubali", mwamini.

Saa nne mkuu wa operesheni anapita. "Kijana, si uwafungulie wote tumalize? Mzigo ukilala bandarini tunalipa."

"Nakuelewa mzee. Nipe nusu saa nyingine."

Anachosema kinaitwa 777, yaani ruhusa zote kwa kila mtu, na kinafanya kazi ndani ya sekunde moja. Mimi sikifanyi. Virusi vya kudai fidia hufunga kila faili ambalo mtumiaji wa kompyuta iliyoambukizwa ana ruhusa ya kuliandika, hata lililoko kwenye seva. Mei 2017 WannaCry ilisambaa dunia nzima kupitia udhaifu wa SMB, itifaki hiihii ya kushirikiana mafaili, na hospitali za Uingereza zilikwama. Ukimpa kila mtu ruhusa ya kila kitu, kiambatisho kimoja kibaya kwenye kompyuta ya mapokezi kinatosha kuzika nyaraka za wateja wote.

Kabla ya kugusa chochote naendesha getfacl -R, inayoorodhesha ruhusa za kila kitu, na kuhifadhi matokeo, ili nikiharibu nirudishe ruhusa zote kwa setfacl --restore. Halafu kundi: kwa chgrp -R nyaraka nakabidhi kila kitu kwa kundi la nyaraka. Folda nazipa 2770, mafaili 660, yaani mwenyewe na kundi wanaandika, wengine hawapati kitu; kila aina naitafuta kwa amri yake ya find, kwa sababu chmod -R moja ingeyapa mafaili ya kawaida ruhusa ya kuendeshwa kama programu. Ile 2 ya mwanzo ndiyo inayofanya kila kitu kipya ndani ya folda kirithi kundi la folda badala ya kundi la aliyekiunda. Kwenye smb.conf, faili la maelekezo ya Samba, naongeza force group = +nyaraka, na ili vitu vipya vizaliwe na ruhusa hizohizo, create mask na force create mode 0660, directory mask na force directory mode 2770. Nasoma upya maelekezo bila kuzima seva.

Saa tano kasoro, dada wa uhasibu anatoka kwenye Windows na kuingia tena, anaongeza mstari kwenye ankara, anahifadhi. Namwita kaka wa nyaraka afungue faili hilohilo na kuhifadhi. Naangalia ls -l: jina la mwenyewe limebadilika, kundi limebaki nyaraka, rw-rw----. Ankara inakwenda kwa mteja. Sijaribu kamwe kwa akaunti yangu ya utawala, kwa sababu hiyo haikataliwi popote.

Saa saba wengine wanafunga mafaili, wanakwenda kula, wakirudi wanaungana upya.

Saa nane, mfanyakazi mpya. Yumo kwenye kundi tangu asubuhi lakini bado anakataliwa. Makundi husomwa mtu anapoingia, na yeye hajatoka. Anatoka, anaingia, imekwisha.

Saa tisa napigiwa kutoka ghalani, ambako seva ni ya Windows. Huko ruhusa ni mbili, ya kushirikisha kwenye mtandao na ya NTFS, yaani ya mafaili yenyewe kwenye diski, kama geti na mlango wa chumba: lazima upite pote, na penye ukali zaidi ndipo panapokuamulia. NTFS ilikuwa Modify (kubadilisha), lakini ya mtandao ilikuwa imeachwa Read (kusoma tu). Naibadilisha iwe Change. Full Control simpi mtu wa kawaida, ingempa uwezo wa kubadilisha ruhusa zenyewe.

Saa kumi ndiyo kazi niliyoipenda zaidi leo. Skana inapeleka PDF kwa FTP, njia nyingine ya kutuma mafaili isiyopitia Samba, kwa akaunti yake, hivyo smb.conf haiihusu. Folda inarithisha kundi, lakini umask, kichujio cha seva kinachopunguza ruhusa za kila faili jipya, inaondoa w ya kundi. Naweka setfacl -d -m g:nyaraka:rwX kwenye folda ya skana. Folda ikiwa na ACL (orodha ya ziada ya ruhusa) ya kurithisha, umask haihesabiwi tena. Naskani ukurasa mtupu, dada wa uhasibu anaubadilisha jina kutoka mezani kwake, kisha anaufuta. Naandika mabadiliko yote kwenye daftari la seva, pamoja na mahali lilipo lile faili la getfacl.