Mpemba aliyelewa bahari

Nilijua mambo yameharibika nilipoona vifuko vya karatasi vya kutapikia vimechomekwa kwenye reli za ngazi za meli, kila baada ya hatua chache, ghorofa hadi ghorofa. Hakuna aliyetangaza kitu. Wahudumu walipita kimya kimya wakivipanga kwa adabu, kama watu wanaoandaa meza ya harusi, halafu wakaenda kulitoa maji bwawa la kuogelea na kulitandia wavu.

Tulikuwa tumeng'oa nanga Southampton jana yake jioni, mimi na mke wangu, mwezi wa Oktoba, kwenda Lisbon na kurudi. Tangu kwenye foleni nilikuwa najigamba. Mimi mtoto wa Wete, mkondo wa Nungwi, kati ya Unguja na Pemba, nimeuvuka ningali nanyonya. Nimelala juu ya sitaha ya meli ya Mapinduzi, ile ya zamani, kusi likivuma, magunia upande huu na mbuzi upande ule. Meli ya ghorofa 14, yenye lifti na ukumbi wa sinema, itanifanya nini? Mke wangu, mtu wa Dodoma asiyeijua bahari, alinunua vidonge. Nikamcheka.

Kulipokucha tulikuwa tumeshaipita ncha ya Ufaransa na kuingia Ghuba ya Biscay. Kwenye televisheni ya chumbani kulikuwa na ramani inayoonyesha meli ilipo, nami niliikodolea macho kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Upande wa Ufaransa maji yana kina cha mita 200 hivi, kisha ardhi ya chini inakatika na kuporomoka hadi zaidi ya mita 4,000. Upande wa magharibi ni Atlantiki tupu mpaka Amerika. Wimbi linalotoka huko halijakutana na kisiwa wala mwamba wa kulipunguza kasi. Likishafika penye kina kifupi huinuka na kusimama wima. Nahodha akatuambia kwenye spika kuwa upepo ni nguvu 9 katika kipimo cha 12, maili za baharini 45 kwa saa, mawimbi ya mita 7. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vyakula.

Wimbi la Nungwi nalijua. Ni fupi, lina hasira, linapiga, na baada ya muda unauona mnara, ukashukuru. Hili la Biscay halina haraka. Linakubeba taratibu, linakuweka juu mpaka tumbo lako linajiuliza kuna nini, kisha linakushusha. Linarudia. Saa ya kwanza, ya tano, ya kumi. Vibanio vya nguo kabatini vinagongana, droo zinajifungua zenyewe, kuta zinalia kwiii kama mlango wa jahazi bovu. Mara moja moja meli inajibwaga puu! na kitanda kizima kinatetemeka.

Saa tano asubuhi nilikuwa nimelikumbatia sinki. Mke wangu alikuwa kwenye mkahawa, anakula mayai.

Adhuhuri nilijaribu kusali kwa kusimama. Nikisujudu sakafu inanifuata, nikiinuka inanikimbia, na rakaa ya pili nikajikuta nimeegemea mlango. Nilimalizia nimekaa.

Aliyenihurumia ni kijana mmoja wa Likoni, mhudumu wa mkahawa, aliyetusikia tukisemezana Kiswahili. "Mzee wangu, chumba chako kiko wapi?" Nikamwambia: juu kabisa, huku omoni, mbele ya meli. Mimi ndiye niliyekichagua, kwa bei na kwa mandhari. Akatikisa kichwa. "Pole. Meli ni kama pembea. Anayekaa ncha ndiye arukaye; wa katikati hata hajui. Shuka chini, katikati ya meli, ukae penye dirisha uuangalie upeo wa macho. Usilale." Akaniletea tufaha la kijani, biskuti kavu na chai ya tangawizi. Akanieleza pia kuwa meli ina mapezi ubavuni kama samaki, yanayotokezwa kuzuia isiende mrama, yaani isilale upande huu na ule. Lakini kule kupanda na kushuka, omo juu, tezi kule nyuma chini, hakuna pezi la kukuzuia.

Nikashuka. Ghorofa ya tano, wazee wa Kiingereza walikuwa wanacheza bingo. Namba zinaitwa, vikombe vinateleza, bibi mmoja anakidaka chake bila hata kukitazama na kuendelea kutia alama. Sijawahi kuona heshima ya namna ile kwa mchezo.

Usiku sikulala sana. Kila meli ilipojibwaga nilikumbuka Septemba 2011, Spice Islander ilipozama kwenye mkondo wetu ule ule wa Nungwi, ikielekea Pemba usiku na watu kupita kiasi. Mamia walikufa. Kule Southampton, kabla ya kuondoka, tulilazimishwa kuvijua vituo vyetu vya dharura, na kuijua ile honi: saba fupi, moja ndefu. Watu walinung'unika kuwa wanacheleweshwa kwenda baa. Katika miaka yangu yote ya kuvuka Unguja na Pemba sikumbuki mtu aliyewahi kunionyesha jaketi la kuokolea limewekwa wapi.

Asubuhi ya tatu bahari ilitulia pwani ya Ureno, na mchana tukaingia mto Tagus, tukapita chini ya lile daraja jekundu, abiria wote juu wanapiga picha kama hakukuwa na kitu. Nikashuka gatini, na nchi kavu ikaendelea kuniyumbisha.

Nikampigia mama Wete. Nikamsimulia yote, nguvu 9, mita 7. Akanyamaza, kisha akauliza:

"Hiyo meli ina vitanda?"

"Inavyo, mama."

"Na lifti?"

"Na lifti."

"Na ndimu ulichukua, mwanangu?"

Sikuchukua. Mama alicheka mpaka akakohoa. Mchana ule, badala ya kwenda kuangalia makanisa na ngome pamoja na wenzetu, nilizunguka mitaa ya Lisbon nikitafuta ndimu. Nikazipata sita, kwa sababu Biscay ilikuwa bado inatungoja.