Mihimili ya grafu za korespondensi kwenye R: usivute mmoja ukaacha mwingine

Kama unachora grafu za uchambuzi wa korespondensi (njia ya kugeuza jedwali la hesabu za makundi kuwa nukta kwenye picha) kwenye R, ile programu ya takwimu, naomba unisikilize kwa hili moja, kipimo cha 1 kwenye mhimili wa mlalo lazima kiwe na urefu uleule kwenye mhimili wa wima, hayo mengine ya xlim na ylim (mipaka ya mhimili wa mlalo na ya wima) yanakuja baadaye. Kwenye grafu hizi tunasoma umbali, nani yuko karibu na nani, na umbali wenyewe ni wa kai-skweya, yaani unapima asilimia za makundi zinavyotofautiana, sasa ukiiachia programu ijaze boksi lote inavyotaka ushaharibu kile ulichokuja kukisoma.

Chukua ile data ya smoke iliyomo kwenye pakeji ya ca, wafanyakazi 193 wa kufikirika, si watu halisi, na uvutaji wao wa sigara. Mhimili wa kwanza unabeba asilimia 87.8 ya tofauti zote, wa pili 11.8 tu. Nukta zimetandaa kama 0.69 kwa mlalo na 0.38 kwa wima. Zijaze kwenye mraba na wima unavutika karibu mara 1.8, halafu mtu anaandika aya nzima jinsi mameneja walivyo mbali na makatibu, kumbe sehemu kubwa ya huo umbali ni mvuto wa picha! Inaniuma sana nikikuta hivyo kwenye ripoti, maana kuna watu wanafanya maamuzi kwa grafu hizo.

Kwa hiyo kwenye plot ya kawaida weka asp=1, ndiyo amri ya kulinganisha vipimo vya mihimili miwili. Hapa sasa ndo wengi wanakwama, umeandika xlim=c(-0.5, 0.4) na grafu inapitiliza huko, unadhani R imekupuuza. Haijakupuuza, dirisha lako ni pana kuliko mipaka uliyoipa, na ili kulinda uwiano inabidi iongeze nafasi pembeni. Dawa ni kubadili umbo la karatasi: mlalo ukiwa 0.9 na wima 0.5, toa pdf ya kama inchi 9 kwa 5 pamoja na ziada ya kingo, basi.

Mnaotumia factoextra, pakeji inayochora grafu hizi kupitia pakeji ya ggplot2, msibandike xlim() hivihivi. ggplot2 inazitupa nukta zilizo nje ya mipaka na unachopata ni kaonyo kadogo tu, wakati coord_fixed(xlim=..., ylim=...) inakuza picha bila kugusa data na uwiano unabaki palepale.

Na kama unalinganisha miaka miwili, mipaka iwe ileile kwa grafu zote mbili. Ila kabla ya hapo angalia alama za kujumlisha na kutoa, kwa sababu upande wa mhimili hauna maana yoyote, R inaweza kukuletea mwaka mmoja wasiovuta wako kushoto na mwaka mwingine kulia, hapo unazidisha mhimili huo kwa -1, nukta za wafanyakazi na za uvutaji zote, ndo unaweka mipaka.