Siku moja gerejini: tunafunga turbo kwenye gari la familia

Saa 1 asubuhi. Injini imeshawashwa na kupata moto, maana mgandamizo wa hewa kwenye silinda haupimwi injini ikiwa baridi. Gari ni Honda CR-V ya kizazi cha pili, injini K24A1 ya lita 2.4, giaboksi ya otomatiki, inavuta kwa magurudumu yote manne. Kiwandani ilitoka na nguvu za farasi 160. Mwenyewe hubeba watoto na mizigo, na anataka gari lipande mlima bila kulia. Tumekubaliana farasi 210 hivi, kiasi ambacho injini hii inakibeba bila kubadilishiwa pistoni.

Watu wengi wakisikia habari ya turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili isukume hewa zaidi ndani ya injini, picha wanayopata ni konokono wa chuma anabanwa kwenye eksozi, boneti inafungwa, gari linaruka. Lakini kufunga turbo yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Siku inaliwa na oili, joto, petroli na hewa inayovuja, na hayo mteja hayaoni akifungua boneti.

Plagi zote nne nje, fyuzi ya pampu ya petroli nje, koili zimechomolewa, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi chini, stata inazungusha mpaka sindano ya geji isimame. Silinda nne, kwa bar, kipimo cha presha: 12.4, 12.2, 12.5, 12.3. Ukubwa wa namba si hoja peke yake, hoja ni kupishana kwake. Zikipishana kwa zaidi ya bar 2, tunafunika boneti na kumwambia mteja afufue injini kwanza. Turbo haiponyi injini mgonjwa, inaimalizia.

Saa 2 hadi saa 4 ni kufungua tu: maji, oili, bampa la mbele, manifoldi ya eksozi. Nati za manifoldi zilinyweshwa dawa ya kutu tangu jana jioni. Inayogoma inapashwa moto na kurudishwa mbele na nyuma kidogo kidogo. Stadi ikikatikia kwenye silinda hedi, nusu ya siku imekwenda na hakuna atakayekulipa kwa hiyo nusu.

Saa 4 tunateremsha sampu, lile beseni la oili chini ya injini, na hapa ndipo penye kazi.

Turbo huzungukia kwenye filamu nyembamba ya oili, na shafti yake hupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Oili inaingia kwa presha ya injini kupitia kibomba chembamba. Ikishapita kwenye beringi, presha imekwisha. Inatoka imechanganyika na hewa, povu tupu, na kinachoirudisha kwenye sampu ni mteremko peke yake. Kwa hiyo bomba la kurudishia lazima liwe pana, kipenyo cha ndani kisipungue milimita 13, lishuke moja kwa moja bila goti wala tumbo, na mdomo wake uingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Turbo nayo inageuzwa hadi tundu lake la kutolea oili litazame chini. Ikiinama zaidi ya nyuzi 35 kutoka wima, oili inaanza kusita.

Kwa nini tunahangaika hivi? Kwa sababu sili za turbo si mpira kama sili ya krankishafti. Ni pete za chuma, jamaa wa ringi za pistoni, na hazikutengenezwa kuzuia oili iliyojaa. Oili ikikosa njia ya kushuka, inapanda, inapita kwenye pete, inaingia kwenye eksozi na gari linatoa moshi wa bluu. Mwenye gari anaambiwa turbo imekufa. Anafungiwa nyingine, moshi uleule. Turbo nyingi nzima zimetupwa kwa kosa la bomba, na linaniuma kila ninapoliona.

Kwenye CR-V hii kuna ugumu wa ziada. Injini za K zinatazamisha eksozi nyuma, kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva. Turbo inakaa katikati ya injini na ukuta huo, chini yake kuna raki ya usukani na kasha linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Nafasi ya kushusha bomba wima ni ndogo, na bomba la eksozi linalotoka kwenye turbo linaigombania nafasi hiyohiyo. Tunapima kwa waya mgumu, tunaukunja, tunautoa, tunaukunja tena.

Sampu ni ya alumini. Hatutoboi ikiwa juu ya gari, maana vumbi la alumini likibaki ndani litafika kwenye beringi. Inatolewa, inasuguliwa, inasafishwa mafuta yote, kisha kiungio kinachomelewa kwa argoni polepole ili uso wake usipinde. Inaoshwa, inapulizwa, inawekwa juu ya kioo kuangalia kama bado imenyooka, halafu inajazwa petroli kidogo na kuachwa tuone kama weldi inatoa jasho. Gasketi yake ni ya majimaji, ya kupaka. Ukishaipaka una dakika 5 tu za kurudisha sampu mahali pake, boliti zinakazwa kwa nyutoni mita 12, kwa kupishana, kuanzia katikati. Kisha dakika 30 kabla ya kumimina oili na masaa 3 kabla ya kuwasha. Ndiyo maana kazi hii lazima iishe kabla ya saa 7 mchana, la sivyo injini haiwaki leo.

Tukiwa hapo chini tunashughulikia pia pumzi ya injini. Valvu ya kupumulia ya kiwandani ilizoea kuvutwa na manifoldi ya kuingizia hewa. Sasa manifoldi itakuwa inasukuma. Bila valvu ya njia moja, presha ya turbo inaingia kwenye sampu, sili zinatema, na oili ya turbo inashindwa kurudi hata kama bomba lako ni zuri.

Mchana mteja anapiga simu. "Fundi, si uongeze kidogo tu? Nasikia wengine wanatembea na bar moja." Ni swali la kila mteja, na jibu lake ni refu kila siku. Tunasukuma bar 0.4. Uwiano wa mgandamizo wa injini hii ni 9.6 kwa 1, yaani yenyewe tayari inabana hewa sana kabla turbo haijaongeza yake. Honda wenyewe walipotoa Acura RDX ya 2007 yenye turbo, injini ya K23A1, walishuka hadi 8.8 kwa 1, na walikuwa na kiwanda kizima nyuma yao. Hewa ya nyuzi 30 ikigandamizwa kwa bar 0.4 inatoka kwenye turbo na nyuzi 70 na ushee, ndiyo maana intakula, kipoza hewa ya turbo, inakaa mbele ya rejeta. Ukiongeza presha, joto linaongezeka, petroli inajiwasha kabla ya moto wa plagi kuifikia, injini inagonga, na kingo za pistoni zinazoshika ringi zinakatika.

Petroli nayo ina hesabu yake. Farasi mmoja kwenye injini ya turbo hunywa takriban gramu 270 kwa saa. Farasi 210 ni kilo 57 kwa saa. Gawa kwa nozeli nne zinazopuliza petroli, kila moja inapitisha kama sentimita za ujazo 325 kwa dakika, na nozeli haitakiwi kuwa wazi zaidi ya asilimia 80 ya muda. Hapo unaangukia kwenye nozeli za 410, na ndizo tunazofunga. Kwa bar moja zingeishiwa, mchanganyiko ungekuwa mkavu, hewa nyingi petroli kidogo, na giaboksi ya otomatiki ingeanza kuteleza kabla ya hapo. Mteja anaguna, anakubali. Simu imekula dakika 40.

Mchana unapita kwa kufunga. Turbo, gasketi mpya za chuma, nati za kujifunga zenyewe kwa sababu mtetemo na joto hufungua za kawaida. Kinga ya joto kati ya turbo na raki ya usukani, na soksi ya joto juu ya kila waya na kila mpira ulio karibu. Sensa ya oksijeni ya kupimia mchanganyiko inafungwa kwenye bomba baada ya turbo, ikiwa imeinuka angalau nyuzi 10 kutoka usawa, ili maji yasituame ndani na kupasua kauri yake. Plagi za baridi zaidi kwa hatua moja, pengo milimita 0.7, nyutoni mita 18.

Jua limeshazama tunapoziba mdomo wa turbo na kusukuma bar 0.7 kutoka kwenye kompresa huku tukipaka maji ya sabuni. Klipu mbili zinatoa mapovu. Mgongo unauma, lakini klipu inayovuja kidogo hapa ni ileile itakayochomoka mlimani, kwa hiyo zinafunguliwa, mipira inafutwa oili na kubanwa upya.

Kisha oili. Tunaimimina kidogo kwenye tundu la turbo, tunazungusha shafti kwa kidole, tunachomoa koili na nozeli, stata inazungusha kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Ndipo tunarudisha na kuwasha. Hakuna kukanyaga. Dakika 15 za mzunguko wa chini, tochi kwenye bomba la kurudishia, mkono nyuma ya eksozi. Moshi mweupe kidogo ni mafuta ya mikono yetu yanayoungua kwenye manifoldi, unaisha wenyewe. Wa bluu haupo. Injini ikipoa, nati zote za manifoldi zinakazwa tena.

Mteja amekuja na anataka kuondoka nalo. Funguo zinabaki kwetu. Kompyuta ina ramani ya kuanzia tu, nozeli ni kubwa kuliko ilizozijua, na mchanganyiko chini ya presha haujapimwa. Kesho gari linapanda kwenye mashine ya kupimia nguvu, petroli ya okteni 95 kwenye tangi, tunaanza na springi peke yake ya westigeti, mlango unaopunguza presha ya turbo, tunashusha mchanganyiko wa hewa kwa petroli hadi kati ya 11.5 na 12 kwa 1, tunachelewesha moto wa plagi, halafu tunarudisha taimingi nyuzi moja moja huku tukisikiliza kama inagonga.