Kusimama Kabla ya Kuendelea

Andiko la wiki: Zaburi 46:10, "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu."

Mwaka 1988, huko Marekani, wanasayansi Ted Weinert na Leland Hartwell walizipiga seli za hamira mionzi ya eksirei. Seli yenye afya, DNA yake (uzi unaobeba maagizo ya urithi) ikikatika, huacha kwanza kugawanyika, hutengeneza palipokatika, ndipo huendelea. Zilizokosa jeni iitwayo RAD9 hazikusimama. Ziligawanyika na kromosomu zilizovunjika, zikafa. Mtu angedhani hazijui kujitengeneza. Lakini zilipozuiwa kwa dawa zisigawanyike kwa saa chache baada ya mionzi, nyingi zilipona. Uwezo wa kujitengeneza zilikuwa nao muda wote. Muda wa kuutumia ndio uliokosekana.

Mwilini mwetu, nyuzi zote mbili za DNA zikikatika, protini ya ATM huamka na kuibandika fosfeti, kipande kidogo cha kemikali, protini nyingine iitwayo p53. Kwa kawaida p53 haidumu, maana protini ya MDM2 huiwinda iharibiwe. Ikishabandikwa fosfeti huponyoka, hujaa, na kuwasha jeni ya p21. Nayo p21 huzibana protini zinazoisukuma seli kunakili DNA. Ikiwa seli imekwisha kunakili, protini za Chk1 na Chk2 huizuia Cdc25, protini inayoanzisha mgawanyiko, na mgawanyiko hauanzi. Jeraha likizidi, p53 hiyohiyo huiamuru seli ife, na hapo sioni sababu ya kulainisha mambo kwa mahubiri.

Breki yenyewe huweza kuumia. Takriban nusu ya saratani za binadamu zina hitilafu kwenye jeni ya p53. Sumukuvu ya mahindi na karanga zilizoota ukungu hujulikana kwa kubadili herufi moja tu ya jeni hiyo, G kuwa T, kwenye kodoni (kundi la herufi tatu) ya 249, na saratani ya ini hupata njia.

Wapendwa, sisi huomba, "Bwana, niponye," huku ratiba ikibaki ileile: kazini, kwaya, kikao cha kamati, mchango wa harusi. Aliyefiwa wiki iliyopita tunampa zamu ya kuongoza ibada, tena tunamsifu kwa ujasiri!

Seli haisimami milele. Kazi ikiisha, protini iitwayo Wip1 huziondoa zile fosfeti na mzunguko huendelea. Basi wiki hii viongozi wa jumuiya wapitie orodha ya zamu. Aliyejeruhiwa apumzishwe, siku ya kumtembelea iandikwe, na akiwa tayari arudishiwe nafasi yake.